Rangi Iliyojua Njia ya Kwapa

Kama umeambiwa kwamba utatiwa rangi ya buluu mwilini siku ya kupasuliwa, soma haya ukiwa bado nyumbani, na uwasomee kwa sauti watakaokaa kando ya kitanda chako. Mimi sikuwaambia wangu kitu. Matokeo yake, mama yangu mdogo alitaka kunitoa hospitalini kidonda kikiwa kibichi, anipeleke kutapishwa sumu.

Jina langu ni Nsimire. Nyumbani wananiita Yaya, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la tano nikashika kinu cha mama. Natwanga sombe, majani ya muhogo, na kuyauza pale mtaani kwetu Majengo. Kwa mkono wa kuume, mkono wa mchi, nimewalea wadogo zangu wawili: Byamungu, ambaye sasa anabeba abiria kwa moto yake, yaani pikipiki, na Neema, aliyemaliza shule ambayo mimi niliiacha njiani. Uvimbe ulinitokea kwenye titi la upande huohuo wa mchi.

Ulikuwa mdogo, mgumu, hauumi. Niliugusa nikijifunga kikwembe, nikauacha. Mvua zikapita, ukaja wakati wa vumbi, wenyewe uko palepale, umeongezeka kidogo. Sikumwonyesha mtu. Mtu aliyewalea wadogo zake ni mzazi wao, na kwetu mzazi havui mbele ya watoto. Nikaanza kuvaa nikiwa nimegeukia ukutani.

Neema ndiye aliyesema. Alikuwa anachagua mchele mlangoni, hakuinua hata macho.

"Yaya, ule ukuta uko na nini? Kila asubuhi muko munaangaliana."

"Chagua mchele."

"Ninachagua. Lakini mama naye alikuwa anavaa hivyo. Minakumbuka mugongo yake tu."

Neema alikuwa mdogo sana mama alipokufa. Sikujua kwamba alibaki na mgongo ule. Kesho yake nilikwenda hospitali.

Ili uelewe yaliyofuata, lazima nikueleze kifo cha mama. Mkono wake wa kushoto ulivimba mpaka bangili ikazama ndani ya nyama. Akawa anatembea ameufunika na kikwembe, na watu wakimuuliza anasema ni baridi. Alipokufa, Mama Mdogo Faida, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alisema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo huku kwetu inatajwa kila mtu anapokonda na hakuna anayejua sababu. Na mwenye sumu akapatikana: Mama Riziki, jirani wa ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe meusi, aliyetoka milima ya Masisi, mke wa mfugaji, aliyezoea kutuletea maziwa. Hakuitwa mbele ya chifu wala mbele ya padri. Ila tangu matanga, kikombe chake hakikuingia tena kwetu.

Desturi yetu ni kwamba anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakuna ubaya ndani. Wengi wanagusisha mdomo tu. Mama Riziki, tangu miaka ile, popote anapogawa maziwa, hata kwenye arusi ya watoto wake mwenyewe, anameza funda zima, kisha anasimama kidogo ili watu wamwone yuko mzima.

Hospitalini, benchi la kungojea lilikuwa refu na wanawake wote walikuwa wameshika mifuko yao kifuani. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Ukiulizwa umekuja kwa nini, unajibu, "Kwa ajili ya ile." Siku niliyorudi kuchukua majibu ya sindano waliyonichoma kwenye uvimbe, nilikaa karibu na mama mmoja wa makamo aliyetoka Kalengera. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mapaja kama mtoto aliyelala, na ulikuwa mnene kuliko mguu wangu.

"Usiogope kuangalia," aliniambia. "Kuangalia iko bule."

"Pole, mama."

"Mie nilikuja hapa na mbili, nikarudi nyumbani na moja. Muzee wangu hajagundua bado. Anangalia mukono tu, anasema nimemukunjia ngumi."

Benchi zima lilicheka, hata wale waliokuwa wanajifanya hawasikii. Alinieleza kwamba walitoa titi, wakatoa na tezi zote za kwapani, na tangu hapo mkono ulianza kujaa. "Hauumi sana," alisema. "Lakini jembe umekataa. Jembe na mukono wamepeana talaka."

Nilicheka naye, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa naiona bangili ya mama.

Nilipoingia kwa daktari, Byamungu, aliyenileta kwa moto yake, aliingia nami. Alikataa kubaki nje. Daktari alikuwa mama mfupi wa sauti ya chini, anayekuja kwa boti kutoka upande wa Bukavu kila yanapofika majuma ya kupasua. Alinitajia ugonjwa kwa jina lake, bila kuuzungushazungusha, na akasema titi litatoka lote. Hilo nililipokea. Nilikuwa nimeshalizika kichwani tangu siku ya sindano.

"Na mukono, dokta?" nikauliza. "Minatwanga sombe."

Akachukua karatasi, akaigeuza upande mweupe, akachora.

"Huu ugonjwa ukitaka kutoka kwenye titi, haurukiruki kama panzi. Unapita njia. Hiyo njia inaenda kwapani, na kule kuna tezi, ndogo kama punje za maharagwe. Ziko nyingi, lakini iko moja ama mbili zinazopokea mbele ya zingine. Zamani tulikuwa tunazitoa zote, kwa woga. Sasa tunauliza ile ya kwanza. Ikiwa safi, za nyuma yake ziko safi pia, karibu kila mara, na tunaziacha."

Byamungu alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Ni kama Kibati," akasema.

Daktari akamtazama.

"Mulima ukitema moto, dokta, sisi wa Majengo hatuangalie juu. Tunapiga simu Kibati, kule juu karibu na mulima, moto unafika kwao mbele yetu. Wakisema moto haujafika kwao, tunarudisha magodoro ndani. Wakisema umefika, tunakimbia."

"Basi," daktari akasema, "hiyo ndiyo kazi yetu. Tutatia rangi ya buluu kwenye titi, tuipapase, ifuate njia yake. Tezi itakayogeuka buluu mbele ndiyo Kibati ya yaya yako. Naitoa, inaenda kupimwa. Ikiwa safi, mukono unabaki na nguvu yake. Ikiwa imeguswa, nitarudi nizitoe zote, na hapo sitaahidi kitu juu ya mchi."

Kisha akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyeugua hivi.

"Hapana," nikasema. "Mama yetu alikufa kwa sumu."

"Sumu ya namna gani?"

Nikamweleza mkono, bangili, kikwembe. Akaweka kalamu chini.

"Na titi lake?"

Hakuna aliyeliona titi la mama. Nilikumbuka vitambaa alivyokuwa akivifua peke yake nyuma ya nyumba, na harufu moja ambayo tulidhani ni ya dawa za kienyeji.

"Sikumuona mama yako, kwa hiyo sitaapa," daktari akasema. "Lakini nimeona mikono mingi ya hivyo. Wenyewe hawakunywa kitu kwa jirani."

Tulirudi nyumbani kwa moto ya Byamungu. Tulipofika alizima injini akakaa palepale juu ya kiti. Ng'ambo ya ukuta Mama Riziki alikuwa anaanika nguo, akatusalimu kwa kichwa kama siku zote. Byamungu akarudisha salamu kwa mdomo, kitu ambacho hakijafanyika kwetu tangu akiwa mtoto.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza nilipoitwa kupasuliwa. Asubuhi ile, kabla ya kunisukuma ndani, daktari alikuja kitandani peke yake. Akaniambia kwamba rangi haibaki yote kwapani; inazunguka na damu, inatoka na mkojo. "Mkojo utakuwa wa kijani, siku moja ama mbili. Na uso utakuwa na rangi ya mutu aliyepigwa na baridi. Waambie watu wako."

Sikuwaambia. Ningeanzaje? Mzazi hazungumzi mkojo wake na watoto, na Mama Mdogo Faida, aliyekuja kunilinda hospitalini, alikuwa anasali rozari. Niliona haya kumkatiza. Nikanyamaza, nikaingia.

Ndani kulikuwa na baridi na taa kubwa. Kijana wa kunilaza usingizi aliniuliza sombe zangu natia mawese kabla ama baada, nikaanza kumjibu. Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani tena, kifua kimefungwa, na jibu bado liko mdomoni.

Jioni hiyo daktari alipita. Nilimwuliza kama rangi ilipata njia. Akatabasamu, akatoa simu yake, akanionyesha picha.

Nimekaa na picha ile kichwani miezi mingi, na bado sijui niielezeje. Kulikuwa na mwanya mdogo, nyama ya manjano kama mafuta ya kuku, na ndani yake uzi mwembamba wa buluu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, unakwenda bila kusita, na mwisho wake punje moja. Punje hiyo ilikuwa ya buluu ile ya mshipi wa Mama Maria kanisani. Hakuna aliyeuelekeza uzi ule. Walitia rangi, wakapapasa, wakangoja, nayo ikashika barabara yake kama mtu anayerudi kwao. Nilikuwa nimetembea na barabara ile tangu tumboni mwa mama. Mama naye alikuwa nayo. Nilitwanga, nikabeba, nikapigana na maisha, na chini ya ngozi mambo yalikuwa yamepangwa hivyo, kwa utulivu hivyo, bila mimi kujua.

"Ni yangu hii?" nikauliza.

"Ni yako."

Nilitaka kuomba radhi, sijui kwa nani. Labda kwa mwili.

Asubuhi ndipo yalipotokea yale. Mama Mdogo Faida alichukua beseni la mkojo wangu kwenda kulimwaga, akasimama mlangoni. Akarudi. Akaliweka chini ya dirisha penye mwanga, akainama, kisha akaja kunitazama uso.

"Nsimire. Umekunywa nini?"

"Maji, Mama Mdogo."

"Maji ya nani?"

"Ya hapa."

"Mukojo iko kijani kama majani. Na uso yako iko kama ya mufu. Neema, ile termo ya chai ya jana ilitoka wapi?"

Neema alikuwa pembeni ya kitanda. Aliisukuma termo nyuma ya miguu yake, na hilo lilitosha. Mama Riziki alikuwa amempa chai ya maziwa getini, naye alikuwa ameinywa mwenyewe, yote, kwa njaa.

"Walimumaliza dada yangu," Mama Mdogo akasema, "sasa wamerudia mutoto. Byamungu, leta moto mpaka mulangoni. Kule Kibati kuko mama anayetapisha. Tukiwahi saa hii, atapona."

"Mama Mdogo," Neema akasema, "chai nilikunywa mimi."

"Basi na wewe utapanda."

Byamungu alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango, funguo mkononi. Alinitazama. Mtu mzima na ndevu zake, na macho yalikuwa yale ya mtoto wangu wa zamani anayeuliza kama ale ama asile. "Yaya, sema wewe," akasema.

Nikashika ukingo wa kitanda, nikasema, "Hakuna anayenibeba. Ni rangi. Dokta alinieleza, mimi nikaona haya kuwaeleza."

"Anasema hivyo kwa sababu sumu imepanda kichwa," Mama Mdogo akamwambia Byamungu.

Ndipo kitanda cha pili kikazungumza. Alilala pale mshonaji mmoja, aliyepasuliwa baada yangu siku ileile. Alijiinua kwa kiwiko, akavuta beseni lake kwa mguu kutoka chini ya kitanda.

"Mama, samahani. Angalia na yangu. Mimi natoka Sake. Huyo jirani yenu simujui, chai yake sijawahi kusikia hata harufu, na yangu iko kijani kuliko ya huyu. Ao alitembea na termo mupaka Sake?"

Mama Mdogo aliinama akatazama. Akatazama la kwangu. Akarudi kwa lile la mshonaji. Kisha akakaa juu ya kiti, rozari imening'inia.

Mama Mdogo Faida ndiye aliyemwosha mama. Nilikuwa najua hivyo siku zote, kama unavyojua jina la mtu, bila kulifikiria. Pale kitandani ndipo nilipolifikiria.

"Mama Mdogo," nikasema, "ulimwosha mama. Titi lake lilikuwaje?"

"Mambo ya kuosha maiti hayasemwi."

"Najua."

"Mutu anayeosha anafunga kinywa. Ni heshima ya mufu."

"Najua, Mama Mdogo. Lakini mimi niko hapa."

Alizungusha punje za rozari bila kusali. Byamungu aligeukia dirishani. Neema alishika mguu wangu chini ya blanketi.

"Lilikuwa na shimo," Mama Mdogo akasema mwishowe. "Ngumi ya mutoto ingeingia. Nilitia pamba, nikafunga, nikamuvalisha. Sikusema hata kwa mume wangu." Akajifuta uso na ncha ya kikwembe. "Nilijua sumu inatoboa tumbo. Nikasema labda hii ilipita juu."

Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ametunza siri ya dada yake kwa uaminifu, na watu wanahitaji sababu ya kifo. Sababu ya kweli ilipofungwa ndani ya sanda, nyingine ikaja kukaa mahali pake. Nawe unayesoma, kama uliwahi kumwosha mtu ukaona kitu, waambie binti zake. Mfu hatakasirika.

Kibati yangu ilipelekwa ng'ambo ya mpaka kupimwa, kwenye chupa ndogo, na tukaanza kungoja. Nitakwambia ukweli: kungoja kulikuwa kuzito kuliko kupasuliwa. Maharagwe yalipandwa, yakachipua kwenye udongo mweusi nyuma ya nyumba, na simu haijalia. Nilikuwa na mpira mwembamba unaotoa maji kwenye kidonda. Mkono niliweza kuuinua mpaka begani tu. Walinipa mazoezi ya kupandisha vidole ukutani kama buibui, na Neema aliweka alama ya mkaa kila nilipofika. Ukuta ule niliokuwa najificha nao ukawa mwalimu wangu.

Neema ndiye aliyeniosha. Mara ya kwanza nilishika kikwembe kwa nguvu.

"Yaya, acha."

"Wewe ni mutoto."

"Mimi ni mutoto anayejua mugongo ya mama tu. Nataka kujua na mbele."

Nikaacha. Alitazama mahali palipokuwa na titi, alitazama mshono, hakugeuza uso. Alimwaga maji ya uvuguvugu taratibu, na kwenye ukingo wa mshono kulikuwa bado na doa la buluu, hafifu kama moshi. Aliligusa kwa kidole kimoja. "Njia ilianzia hapa?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu anafanya kazi ndogondogo sana," akachota maji tena.

Kinu kilikuwa mikononi mwake pia. Alitwanga alivyoweza. Wateja walikuja kulalamika mlangoni, na mmoja akasema sombe za siku hizi zina meno, zinamtafuna yeye. "Muombeeni Yaya apone," Neema alimjibu, "ao mununue meno ya kushindana nazo."

Simu ililia maharagwe yakiwa yameanza kutoa maua. Tulikwenda sote. Benchini nilimtafuta mama wa Kalengera, hakuwapo; baadaye nilisikia yuko salama, anafuga kuku. Mama Mdogo alishika mkono wangu wa kuume, si kiganja bali mkono wenyewe, juu ya kiwiko, kama mtu anayepima kitu sokoni. Alikuwa anausikiliza kama umeanza kujaa.

Daktari alisoma karatasi, kisha akamgeukia Byamungu badala yangu.

"Piga simu Majengo," akasema. "Moto haujafika Kibati."

Byamungu alikaa chini sakafuni. Mama Mdogo hakuuachia mkono wangu, aliuinua tu, akauweka juu ya shavu lake.

Dawa za kutiwa mshipani zilikuja baadaye, kwa sababu uvimbe wenyewe ulikuwa mkali hata kama haukusafiri. Zilinitoa nywele, zikanipa ladha ya misumari mdomoni, zikanipitisha mvua zote mpaka vumbi la mwaka mwingine. Hizo utaambiwa na wengine. Kila mtu ana zake. Mimi nilitaka ujue habari ya rangi, na kwamba tezi zangu ziko mahali pake, na kwamba sasa natwanga tena, nusu ya zamani, kila mara nikipumzika kabla mkono haujaniomba.

Siku ya dawa ya mwisho tulirudi nyumbani mchana. Mama Riziki alikuja, mara ya kwanza kuvuka ukuta ule tangu matanga ya mama. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyeshangaa. Alileta maziwa kwenye chombo chake cha mti. Akamimina kwenye kikombe, akakiinua kwenye midomo yake, kama anavyofanya popote.

Mama Mdogo Faida alinyoosha mkono akamzuia.

"Usionje, Mama Riziki," akasema. "Toa hivyohivyo."

Mama Riziki alibaki na kikombe hewani. Ilionekana kama hakujua tena namna ya kutoa maziwa bila kuyameza kwanza. Kisha akakitoa. Mama Mdogo akanywa, akasimama, mdomo wake mweupe, akanipitishia mimi. Nikanyoosha mkono wa kuume kukipokea, na ukafika.